Mshale wa Peninah na Magoti ya Mwalimu Gaspard

Siku mliyoniaga mliniomba niseme maneno machache kuhusu miaka yangu kwenye labo ya kemia, nikatikisa kichwa. Mlidhani ni machozi. Kusema kweli ilikuwa sambusa; nilikuwa nimeitia mdomoni nzima. Sasa niko nyumbani, hakuna anayenigongea mlango kuniuliza burete, ile neli ndefu ya kupimia, imewekwa wapi, kwa hiyo naandika. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala mshahara ulikuwaje, maana mambo hayo sijaona yakimchekesha mtu. Nitaeleza nilivyoanza, na jinsi labo yetu ilivyobaki kidogo tu igeuzwe jiko.

Mimi ni mtoto wa wauza vitambaa wa hapa hapa Gisenyi. Kwetu msichana aliyesoma alitazamiwa kuwa mwalimu au muuguzi. Nilipopata kazi ya kuandaa majaribio ya kemia kwenye chuo, mama hakuelewa ni kazi ya namna gani. Siku moja aliniletea chakula, akasimama nje ya mlango na kusikia sauti za ndani: “Tubu! Haraka, tubu! Bado tubu!” Hilo lilikuwa jina letu la zile neli za kioo za majaribio, kwa Kifaransa kilichochakaa. Mama aliacha bakuli kwa mlinzi, akarudi taratibu, akawaambia majirani kwamba binti yake Mwamini amepata kazi kwa watu wacha Mungu kabisa, wanahimizana kutubu tangu asubuhi. Sikumsahihisha. Aliniombea dua nzuri sana mwaka ule.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Gaspard. Alikuwa amerudi kutoka Kongo na familia yake, mtu mrefu, mwenye sweta chini ya koti jeupe hata jua likiwaka, na magoti mabovu yaliyolia kila alipoinama. Siku ya kwanza alinipa tubu moja niioshe. Nikaiosha. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia. Nikaosha tena. Akanirudishia. Hatukufanya kingine mpaka saa ya chakula.

“Mwamini,” aliniambia, “kemia ni kuosha vyombo tu. Sasa, mara moja-moja, katikati ya vyombo, kitu inatokea. Kama hukuosha muzuri, hutajua kama ile ni kemia ao ni uchafu ya jana.”

Vifaa vyetu vilikuwa na tabia zao. Mizani ilikaa karibu na barabara, na kila lori lililoshuka kuelekea mpaka wa Kongo, pale Grande Barrière, liliitikisa. Tukajifunza kupima kati ya lori na lori. Mlima wetu wa volkano nao ulikuwa na siku zake za kutetemesha ardhi, na siku hizo hatukupima kitu, tuliosha vyombo. Tanuri dogo lilikuwa na swichi iliyofanya kazi ukiisukuma kwa kijiko cha mbao tu. Mgeni aliyeingia alidhani tunapika.

Miaka ikaenda hivyo, kwa amani, mpaka alipofika Mwalimu Peninah.

Peninah alikuwa amekulia Uganda. Alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi wa maneno, na alikuja na kompyuta aliyoibeba kama mtoto mchanga. Kiingereza chake na Kifaransa cha Gaspard havikuwahi kusalimiana. Katika Kinyarwanda walishindwa kugombana, kwa sababu heshima ilikuwa nyingi mno, kila sentensi ilianza na kuuliza habari za nyumbani. Basi wakagombana kwa Kiswahili. Mimi, ambaye nilinyonya Kiswahili na maziwa ya mama, nikawa mwamuzi.

Ugomvi ulihusu ugumu. Si ugumu wa jiwe. Katika kemia, chembe huitwa ngumu ikiwa imezikaza elektroni zake, haikubali zivutwevutwe. Huitwa laini ikiwa elektroni zake zinayumba na kuvutika kirahisi. Na kuna kanuni ya zamani isemayo kwamba ngumu hupenda kushikana na ngumu, laini na laini. Peninah alisema kanuni hiyo, ikipigiwa hesabu, inaweza kukuambia kemikali mbili zikikutana nani ataondoka na nani. Yaani unajua mshale wa mmenyuko utaelekea upande gani kabla hujachafua hata tubu moja.

“Unajua namna gani?” Gaspard aliuliza.

“Kompyuta inapiga hesabu ya ugumu, Mwalimu. Upande wenye ugumu mkubwa, mshale unaenda huko.”

“Kompyuta yako ilishaosha chombo?”

“Hapana.”

“Bon.”

Kwa Gaspard, hoja ilikuwa imekwisha. Peninah ndipo alipoanza. Alipendekeza tuijaribu kanuni kwa haki. Yeye angeandika mshale wake ubaoni asubuhi na kuufunika kwa kitenge, mimi na Gaspard tungechanganya kemikali bila kuuona, kisha kitenge kingeinuliwa. Gaspard alikubali upesi. Kitenge nilikitoa mimi, kwenye duka la baba, chenye picha za kuku.

Muhula mzima tulifanya hivyo. Mara nyingi kuku walipoinuliwa, mshale ulikuwa sahihi. Siku hizo Gaspard alikohoa na kusema dirisha lilikuwa wazi. Mara nyingine mshale ulikuwa umekosea, na siku hizo yeye mwenyewe alitununulia chai. Peninah hakununa hata mara moja. Alikuna kichwa kwa kalamu, akaenda kuuliza kompyuta yake kwa nini, na akarudi na wino kwenye paji la uso.

Tatizo ni kwamba habari zilitoka nje. Mjini ilisemekana kwamba chuoni kuna mwalimu anayepima ugumu. Wa kwanza kufika alikuwa fundi ujenzi mwenye tofali begani.

“Nipimie hii,” alimwambia Peninah. “Muteja anasema iko laini.”

Alifuata mama mmoja anayevusha mikate kwa kichwa pale mpakani Petite Barrière. Alitaka cheti kwamba mikate yake si migumu, ili wateja wa Goma waache kuigongagonga mezani mbele yake. Peninah alijaribu kumweleza habari za elektroni. Mama alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akauliza: “Sasa mukate iko namna gani?” Gaspard akauma mkate, akasema ni laini. Mama akaondoka ameridhika, na sisi tukabaki na mkate. Ndiyo huduma pekee kwa jamii ambayo idara yetu iliwahi kutoa bila kuombwa ripoti.

Katikati ya furaha hiyo Madamu Direktrisi akatuita. Mkuu wetu wa chuo alikuwa amerudi kutoka Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kola ya shati lake. Alisema bila kuzunguka kwamba mji wetu ni wa ziwa na hoteli, wanafunzi wa upishi wanajazana hadi kwenye korido, na wa kemia wangetosha kwenye benchi moja na nafasi ikabaki.

“Chumba chenu kina maji, kina gesi, kina tundu la moshi juu,” alisema. “Nipeni sababu ya kutokukigeuza jiko.”

Gaspard alisimama na magoti yakalia. “Madame, watu watakula vitu mahali tulimwanga sumu ya risasi?”

“Patasafishwa.”

Peninah akasema: “Njoo uone kwanza jaribio letu. Halafu uamue.”

Madamu alikubali kuja wiki iliyofuata. Alisema atakuja na Shefu Bonaventure, mwalimu wa upishi, ili naye aone chumba.

Hapo niseme ukweli kuhusu Bonaventure, maana tulimchukia kwa siku kadhaa bila haki. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na alikuwa akiingia labo na futi ya kupimia huku tukiwa kazini. “Samahani, Mama Labo, inua kidogo mukono. Hapa nitaweka friteuse ya kukaanga chipsi.” Alipima meza ya mizani. Alipima dirisha. Alimpima hata Gaspard, kwa bahati mbaya, alipokuwa amesinzia kwenye kiti. Lakini kila alipokuja alituletea kitu cha kula kwenye sahani iliyofunikwa. Ni vigumu kumchukia mtu huku unatafuna vitumbua vyake.

Alikuwa na kasoro moja: alionja kila kitu. Ilikuwa ugonjwa wa kazi. Nilimkuta akikaribisha kidole kwenye kopo la shaba ya bluu, nikampiga mkono kama mtoto.

“Rangi ile ni nzuri sana,” alijitetea.

“Ndiyo. Na mazishi yako pia yatakuwa mazuri.”

Siku ya jaribio ikafika. Peninah alikuwa ameandika mishale mitatu na kuifunika kwa kuku. Wanafunzi walisimama nyuma, wale wa upishi wakiwa wengi kuliko wa kemia, wamevaa kofia zao ndefu. Gaspard alikuwa amenyoa. Alivaa kandambili za plastiki, jambo nililoliona la ajabu, lakini sikuwa na nafasi ya kuuliza.

La kwanza lilikuwa fedha. Nilikuwa na unga mweupe chini ya tubu, fedha iliyoshikana na klorini. Peninah akamwaga maji ya iyodidi, ambayo ni laini. Fedha nayo ni laini. Unga ukageuka wa manjano hapo hapo, na kuku wa kwanza alipoinuliwa mshale ulikuwa sahihi. Wapishi wakapiga makofi.

La pili lilikuwa chuma. Nilikichanganya na kemikali iliyo laini zaidi, maji yakawa mekundu kabisa, na mwanafunzi mmoja wa upishi akakaa chini akidhani ni damu. Peninah akaongeza floridi. Chuma cha aina ile ni kigumu, floridi ni ngumu, na chuma kiliuacha ule ushirika wake mwekundu, kikaenda. Wekundu ukapotea kama taa iliyozimwa. Mshale ulikuwa sahihi. Bonaventure alisahau futi yake sakafuni.

“Yampaye inka!” alishangaa kwa Kinyarwanda. “Imeenda wapi?”

Hata Madamu alisogeza kiti.

La tatu ndilo lilikuwa kubwa. Risasi, ile metali nzito, ina ulaini wake, iyodidi ni laini, na zikikutana hutoa mashapo ya manjano yanayong’aa hivi kwamba wapishi walisema ni binzari. Peninah alitabiri kwamba tukiongeza karboneti, yaani magadi safi ya labo, ambayo ni ngumu, risasi haitajali. Itabaki na iyodidi yake, manjano vile vile. Mimi nikavaa glovu, nikayasuuza mashapo kwa maji ya piseti, ile chupa ya plastiki yenye mdomo mrefu, ukiiminya inarusha maji. Peninah akamwaga karboneti, akatikisa.

Manjano yote ikafa. Tubu ikawa nyeupe kama uji.

Kuku wa tatu aliinuliwa, na mshale ulielekea upande mwingine kabisa. Nilimwona Madamu akiangalia dari, pale ambapo moshi wa jiko ungetokea.

“Ngoja,” Peninah alisema. “Mama Labo, wakati unasuuza, kabla sijaweka kitu, pembeni ilikuwa imeanza kufifia. Niliona. Maji ya piseti si safi.”

Niliona hivyo pia. Lakini piseti niliijaza mwenyewe asubuhi ile, kutoka kwenye jerikani ya njano ya maji yaliyochujwa kwa mvuke, iliyokaa chini ya meza ya Gaspard. Nikageuka kumtazama Gaspard. Gaspard alikuwa akitazama chini ya meza yake kama mtu aliyeona nyoka.

Sasa, mnajua alikuwa mpinzani wa kanuni ile. Angenyamaza tu, mshale ungekuwa umeanguka mbele ya mkuu wa chuo, na yeye angekuwa mshindi. Alisimama. Magoti yakalia.

“Madame,” alisema, “kosa haiko ya Peninah. Jerikani ziko mbili, zinafanana. Moja ni ya labo. Ingine ni ya… ni maji ya moto ya Nyamyumba, ya chemchemi. Minaletaka kwa pikipiki kila juma.”

“Ya nini?” aliuliza Madamu.

“Ya miguu.”

Madamu alizitazama kandambili za Gaspard.

“Unaosha miguu ndani ya maabara, Mwalimu Gaspard?”

“Magoti, Madame. Miguu ni njia tu. Ninapasha maji, ninaingiza miguu katika beseni wakati ninasahihisha kazi za wanafunzi, joto inapanda polepole mpaka kwa magoti. Leo asubuhi naona nilichanganya. Maji safi ya labo ndiyo nimeogea, na ya miguu ndiyo iko mu piseti.”

“Yalikuwa yametumika?” nilimuuliza, maana ndimi niliyeishika piseti.

“Hapana! Ilikuwa bado mupya!” Alifikiri kidogo. “Naamini.”

Wapishi walianza kucheka kuanzia mstari wa nyuma, kofia zikiyumba. Peninah hakucheka. Alisema lazima turudie kwa maji safi, sasa hivi, mbele ya wote. Lakini maji safi yote yalikuwa yameishia kwenye beseni la Gaspard.

Ndipo Bonaventure akainuka. Alitoka, akarudi na sufuria kubwa la mvuke, mfuniko wake na ndoo ya barafu. Aliliweka juu ya gesi yetu, mfuniko akaugeuza kichwa chini, barafu juu yake, na kikombe cha kioo ndani kukinga matone. Alifanya haraka na kwa ustadi, akaanza kupiga mluzi.

“Shefu,” nilimnong’oneza, “si unakitaka chumba hiki?”

“Ninakitaka sana. Mais, sipendi kukipata juu ya miguu ya muzee.”

Tulisubiri. Madamu Direktrisi alisubiri pia, mikono imekunjwa, akitazama tone baada ya tone. Maji yalipotosha, niliosha tubu mpya. Gaspard aliiinua kwenye mwanga, akanirudishia, nikaiosha tena mbele ya umati. Kisha risasi, kisha iyodidi. Manjano ikaja, safi kuliko ya kwanza. Nikasuuza kwa maji ya Bonaventure, na haikufifia hata kidogo. Wanafunzi wa kemia wakaanza kushangilia. Peninah akamwaga karboneti, akatikisa.

Nyeupe. Nyeupe kabisa, kama uji ule ule.

Bonaventure ndiye aliyetangulia kusema. “Donc, miguu haina kosa.”

Labo nzima ililipuka. Madamu mwenyewe aligeukia dirisha, mabega yakimtetemeka. Gaspard alibaki amesimama, mdomo wazi, mtu aliyeungama siri zake zote mbele ya kofia ndefu na kumbe hazikuhitajika. Na Peninah alicheka mpaka akashika meza, machozi yakamtoka, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: “Ni mimi! Nimekosea mimi! Kanuni imekosea hapa!”

“Kwa hiyo kanuni ni ya uongo?” Madamu aliuliza, akijifuta macho.

“Hapana, Madamu. Inasaidia mara nyingi, umeona mbili. Lakini hesabu yangu inachukua chembe moja-moja, kama ziko peke yake hewani. Hapa ziko ndani ya maji, na risasi ikishikana na karboneti inakuwa unga mgumu kuyeyuka, inazama, hairudi. Hiyo hesabu yangu haikuiona. Maji ya Nyamyumba nayo yana karboneti kidogo ya mlima, ndiyo maana yalianza kufifisha. Miguu ilijaribu kunionya.”

Madamu alimaliza kujifuta macho. Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka vizuri kwa sababu alimtazama kila mmoja wetu.

“Tangu nimefika chuoni hapa, kila idara imenionyesha mambo yanayofanikiwa. Nikiwa peke yangu nashindwa kujua nimwamini nani. Leo nimeona watu watatu wanajitahidi kutafuta kama wamekosea, na wa nne anawachemshia maji.” Akamgeukia Bonaventure. “Shefu, utapewa stoo iliyo jirani. Tutatoboa ukuta upande wa gesi. Na wanafunzi wako watakuja hapa kila wiki wajifunze kwa nini unga unaumuka.”

“Na friteuse?”

“Itaingia stoo.”

“Nimeshaipima,” alisema Bonaventure. “Inaingia.”

Kisha Madamu akamwambia Gaspard avae viatu. Kesho yake alituma kibao kibandikwe ukutani, katika Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili: MARUFUKU KUOSHA MIGUU. Nyinyi mliokuja baadaye mmekuwa mkikipita mkidhani ni utani wa wanafunzi. Hapana. Ni sheria ya chuo, ina sahihi.

Wote walipoondoka siku ile, tulibaki watatu. Mimi nilikuwa nikimimina risasi kwenye chupa yake ya taka. Peninah alikaa kwenye benchi, amechoka, akamwuliza Gaspard swali lililokuwa likinisumbua hata mimi.

“Mwalimu, kwa nini ulisema? Ungekaa kimya ningekuwa nimeshindwa, na wewe ungeshinda.”

Gaspard alikuwa akihangaika na kamba za viatu, asifike chini kwa sababu ya magoti. Peninah akainama, akamfungia.

“We ulisema maji haiko safi,” alijibu. “Na kweli, haikuwa safi. Nitashinda namna gani na maji ya miguu?”

Peninah alimalizia kiatu cha pili, akamsaidia kusimama. Asubuhi iliyofuata alikuja na mshale mpya, shaba na amonia, na Gaspard akaja na tubu aliyoiosha yeye mwenyewe nyumbani, ameifunga kwa leso. Mshale ulikuwa sahihi. Mzee akasema dirisha lilikuwa wazi, akanuna mpaka saa ya chai, na chai tukanunua wenyewe.